Shinda

Laki tatu na arubaini ndani ya kopo la maziwa ya unga,
noti zinanuka pasi na sabuni:
miezi mitano ya mashuka ya hoteli,
kunja, nyoosha, kunja,
mpaka viganja vikasahau kuwa vina mistari.
Mama anadhani ni za kabati.

Dukani kwa Pandu, Mlandege,
nyuma ya majiko ya gesi na baiskeli za watoto
zilizoshuka na kontena,
magitaa matatu yametundikwa kwa kamba
kama nyama ya Idi.

La kwanza jeusi, gogo zima, zito kama deni.
Nililivaa, bega likasema: si leo.
Bila umeme halina neno;
ukilikwaruza linatoa sauti ya ukucha juu ya meza.
"Hili ndilo la roki," akasema Pandu,
ambaye saa nzima alikuwa akisikiliza mpira redioni.

La pili tumbo wazi, pana, binamu wa udi,
linaitikia hata ukikohoa karibu yake.
Lakini tia umeme, pandisha sauti,
litapiga yowe kabla sijagusa uzi,
litagombana na spika mpaka jirani aite sheha.
Zuri kwa harusi.
Mimi sitaki harusi.

La tatu jekundu, wekundu wa ubuyu ulioanza kulambwa.
Kifuani matundu mawili yamejikunja kama ndoana.
Nikachungulia kwa tochi ya simu:
vumbi, ganda la mende,
karatasi ya bei kwa hati nisiyoijua,
na katikati, kutoka shingoni hadi chini,
gogo limepita kama ukuta kati ya vyumba viwili vya kupanga.
Huku hewa, kule hewa, baina yake mti.
Si tupu, wala halijajaa.

Nikamsikia mama, kila nikizidisha maneno:
"Debe shinda haliachi kutika."
Nikacheka peke yangu.
Pandu akadhani naicheka bei,
akashuka elfu ishirini.

"Na lina pikapu mbili," akaongeza.
Mteja wa majiko akageuka: "Za kubebea nini?"
Za kubebea kelele, kaka.
Ya shingoni inabeba asali,
ya chini ina meno.

Nilizihesabu kasoro, kwa sauti, ili azisikie:
sikio moja la kukazia limelegea;
kutu darajani (kisiwa hiki
hakuna chuma kisicholiwa na chumvi);
ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa tundu.
Nikagonga kwa kidole, nikatega sikio.
Ufa wa rangi, si wa mti.
Hilo sikulisema.

Laki tatu na kumi.
"Nyuzi mpya?"
"Nyuzi juu yako."

Usiku huo Michenzani, ghorofa ya nne,
Makame keshapanga ndoo zake za rangi, kubwa na ndogo,
tukaanza, na pigo la tatu
umeme ukakatika mtaa mzima.
Spika ikafa na mdomo wazi.
Makame akatukana shirika.
Mimi sikuacha.
Lilikuwa bado linasema, kwa sauti ya mtu aliyejifunika shuka,
na mti ukitetemeka juu ya mbavu zangu,
sikujua nani anapumua.

Mama akatoka jikoni na mshumaa.
Akalitazama jekundu lile, akanitazama.
"Hili ndilo kabati?"
Sikuwa na jibu lililonyooka.
Akasogeza mwanga kwenye tundu, akainama.
"Mbona ndani hamna kitu?"
"Kimo. Nusu."

Akavuta kigoda.
Nta ikamdondokea kidoleni, hakuitikisa.
"Hebu lile la kukwaruza. Rudia."

Nikarudia.
Na umeme, bila salamu, ukarudi katikati,
spika ikanguruma, tukaruka sote watatu,
na Bi Biubwa wa pili akagonga ukuta kwa mwiko
mara nne,
na wallahi, Makame ni shahidi,
hakutoka nje ya mdundo.